Bogenvilia si mgomba

*"Shikamoo mtaalamu. Naishi Ngaramtoni, Arusha, ila kwetu ni Moshi. Miaka mitatu iliyopita nilikata vijiti vya bogenvilia ya zambarau getini kwa mama, Pasua, nikavipanda kando ya ukuta wangu. Kimoja kilishika vizuri sana, sasa kimeupita ukuta. Naitunza kwa moyo wote: samadi ya ng'ombe kila mwezi na kiganja cha urea, maji kila jioni, na kijana wa bustani anaikata kwa mkasi kila mwisho wa mwezi ikae mraba. Ipo upande wa bafuni, na nyuma yake kuna mgrevilea wa jirani. Majani yamenawiri, miiba mirefu kama shazia, lakini ua hata moja sijaliona. Jirani anasema hiyo ni dume, nitafute jike. Fundi mmoja anasema mbegu yake mbaya, niing'oe nipande anazouza yeye. Ya mama inachanua karibu mwaka mzima na hakuna anayeimwagilia. Niing'oe?"*

Marahaba, mwanangu. Usiing'oe, walau si mwaka huu. Jibu umelileta mwenyewe bila kujua: ya mama inachanua na hakuna anayeimwagilia. Yako inanyweshwa, inalishwa, inanyolewa, na haichanui. Tukikaa na tofauti hiyo kwa subira tutafika.

Kwanza tuwaondoe njiani washauri wako wawili. Fundi anasema mbegu mbaya. Wewe hukupanda mbegu, ulipanda kijiti, na kijiti kilichokatwa kwenye mmea si mtoto wa mmea ule. Ni mmea uleule umehamia kwingine. Rangi, tabia na uwezo wa kuchanua vilivyomo katika bogenvilia ya Pasua vimo vyote katika hii ya Ngaramtoni. Ingekuwa asili yake ni mbaya, na ya mama ingekuwa tasa. Kilichobadilika ni mahali na malezi. Na kwa kuwa anayekwambia uing'oe ndiye anayeuza za kupandia, sitaongeza neno.

Jirani naye hakuzua tu. Ameyatoa kwenye mipapai, ambako kweli kuna dume na jike, na dume litakujazia maua uani bila kukupa papai la kula. Lakini hata mpapai dume unachanua, na wewe unachokosa ni maua, si matunda. Halafu bogenvilia haina mgawanyo huo kabisa. Siku ukipita penye iliyochanua, simama uichungulie. Hiyo zambarau, nyekundu au chungwa tunayoiita ua ni majani yaliyogeuka rangi. Ndiyo maana ni membamba kama karatasi na hukaa wiki nyingi bila kunyauka. Ua lenyewe limejificha katikati: virija vitatu vyembamba vyenye ncha nyeupe au za rangi ya maziwa, kila kimoja kimeegemea jani lake la rangi. Ndani ya kila kirija mna sehemu ya kiume na ya kike pamoja.

Ila kipo kisa kimoja cha dume na jike katika historia ya mmea huu, na siwezi kukipita. Wazungu waliuchukua huko Rio de Janeiro, Brazili, mwaka 1767, katika safari ya nahodha Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, ambaye mmea umerithi jina lake. Mtaalamu wa mimea katika msafara huo alikuwa Philibert Commerson, na msaidizi wake wa kubeba na kukusanya mimea alijulikana kuwa kijana wa kiume. Kumbe ni mwanamke, Jeanne Baret, aliyevaa nguo za kiume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa katika meli za jeshi la Ufaransa. Ndiye anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia. Basi dume aliyekuja kuonekana kuwa jike alikuwepo kweli, lakini hakuwa mmea.

Sasa tuje kwenye miiba yako, maana hiyo ndiyo inayonipa matumaini. Vaa glovu, shika tawi moja, utazame pale jani linapoungana na tawi. Kwenye kwapa la jani pana mwiba. Ukienda Pasua, shika tawi lililochanua na utazame palepale. Kwenye kwapa kama lile utakuta kikonyo kilichobeba maua. Hilo halikutokea kwa bahati tu. Katika bogenvilia, mwiba na kikonyo cha maua huanza kama kitu kimoja: kichipukizi kidogo kisichoonekana vizuri kwa macho, chenye njia mbili mbele yake. Mmea ukiwa mbioni kurefuka, kichipukizi kile kinadumaa, kinakomaa, kinakuwa mwiba. Mmea ukiwa umetulia na una akiba ya sukari, kinaendelea kugawanyika mpaka kinatoa maua. Kwa hiyo hiyo miiba mirefu kama shazia si dalili ya ugonjwa wala ya utasa. Ni maua yaliyopotezwa njia.

Nani anaamua njia? Zaidi ya yote, mgao wa chakula. Majani yanatengeneza sukari kwa mwanga wa jua, na sukari hiyo inagombewa. Wagombeaji wenye nguvu ni ncha za matawi na yale majani machanga mekundumekundu yanayochomoza huko juu. Kichipukizi cha ua ni mnyonge, kinakula kilichobaki. Ukimpa mmea maji mengi na naitrojeni nyingi, unazinenepesha zile ncha, zinakimbia, zinachukua kila kitu. Ukiuweka kivulini, unapunguza chungu chenyewe kinachopikiwa. Wewe umefanya yote mawili, tena kwa nia njema kabisa.

Naona hapo mkono wa mtu aliyekulia jirani na vihamba, yale mashamba ya migomba ya Kilimanjaro yanayozunguka nyumba. Kwenu mmea unaopendwa unajulikana unavyotunzwa: samadi kutoka zizini, maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili, na mgomba unakulipa kwa mkungu unaohitaji nguzo. Bogenvilia si mgomba. Imetoka Amerika Kusini, na asili yake imezoea kupata mvua, kisha kukaa na ukavu wa muda mrefu juani. Ukavu ule ndio unaozisimamisha ncha, na ncha zikisimama vichipukizi vya maua vinapata zamu yao. Getini kwa mama, kwenye ardhi iliyoshindiliwa na miguu ya watu, jua la Moshi mchana kutwa na hakuna ndoo inayofika pale, mmea unapata haswa unachotaka.

Tuanze kurekebisha, na cha kwanza ni rahisi: acha mbolea. Urea ni naitrojeni asilimia 46, yaani ni chakula cha majani moja kwa moja, na samadi uliyomwaga miaka mitatu itaendelea kuoza na kutoa naitrojeni miezi kadhaa baada ya leo. Kwa hiyo hata ukiacha kesho, mmea hautajua mara moja. Atatokea mtu akwambie basi weka DAP, mbolea yenye fosforasi, badala yake, kwa kuwa ni "mbolea ya maua". Usihangaike. Udongo wetu wa chini ya Mlima Meru ni wa majivu ya volkano, na bogenvilia iliyokwisha kupita ukuta haina njaa. Kaa mwaka mzima bila kuipa kitu.

Mwingine atakushauri majivu ya jikoni, kwa kuwa yana potasiamu. Kwingine ningekubali. Huku kwetu nina wasiwasi, kwa sababu maji mengi ya visima na chemchemi za kuzunguka Meru yana magadi, pamoja na ile floraidi inayotuachia meno ya kahawia. Ukimwagilia maji ya magadi miaka mitatu, halafu ukaongeza majivu ambayo nayo yana tabia ileile, chuma kilichomo kwenye udongo kinakuwa kigumu kwa mizizi kukichukua. Utaona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, halafu utadhani mmea una njaa, utaongeza mbolea, na tutarudi tulipotoka.

Maji sasa. Umeniandikia katikati ya masika, na hapo hatuna la kufanya, mvua haizimwi. Lakini ndoo ya jioni iache leo hii. Mvua zikikatika, kuanzia mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, iache ikauke kwa kweli. Mmea wa miaka mitatu uliopandwa ardhini hautakufa kwa wiki tatu au nne bila maji. Utaona majani yamelegea saa nane mchana. Hilo lisikushtue, kwa jua kali hata mmea wenye maji hulegea. Tazama saa moja asubuhi. Ukikuta bado yamelegea asubuhi, hapo mimina ndoo tatu nne taratibu, maji yashuke chini, kisha uiache tena. Vichipukizi vya rangi vikianza kuonekana, ongeza kidogo, mara moja kwa wiki inatosha, kwa sababu ukavu ukiendelea kupita kiasi wakati huo vinadondoka kabla ya kufunguka. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaikausha vizuri, inaitikia, halafu wanaisahau.

Lakini kuna neno moja umelipitisha haraka, nami nimerudi kulisoma mara tatu. Umesema ipo "upande wa bafuni". Maji ya bafu yanaishia wapi? Kama bomba linatoa maji nje karibu na shina, au karo, yaani shimo la majitaka, lipo mita mbili tatu kutoka hapo, basi hata ukiitupa ndoo mmea unakunywa usiku na mchana, tena maji yenye mbolea ndani. Lipime hivi: subiri wiki mbili zipite bila mvua na bila kumwagilia, kisha chimba kishimo cha kina cha goti, hatua moja kutoka kwenye shina. Chukua udongo wa chini uufinyange. Ukishikamana na kulowesha kiganja, hapo pana maji yasiyo ya mvua. Bomba linaloishia juu ya ardhi linaweza kugeuzwa lielekee kwenye mgomba au mpapai, ambao utakushukuru. Karo ni habari nyingine. Karo halihamishwi kwa ajili ya ua, na kama ni karo, nakwambia mapema kwamba bogenvilia hiyo inaweza isikuridhishe hata ukifuata kila nililoandika hapa.

Kuhusu jua, hesabu saa. Siku moja ya mapumziko, tazama jua linaanza kuupiga mmea saa ngapi na linaondoka saa ngapi. Bogenvilia inataka jua lisilozuiwa saa sita kwa siku au zaidi. Zikiwa tatu au nne utapata majani na vimaua vya hapa na pale. Mgrevilea unavumilia sana kukatwa matawi. Huku kwetu watu wanaupogoa kila mara kwa ajili ya kuni na kuupunguzia kivuli kwenye kahawa, nao unachipua upya. Nenda kwa jirani kwa maneno mazuri, mwambie matawi ya upande wako yakatwe na kuni zote ni zake. Nadhani huyo anayejua habari za dume na jike ndiye mwenye mti; basi mna la kuzungumza.

Mkasi ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu huenda umekata maua yenyewe. Bogenvilia inachanua kwenye matawi mapya. Tawi jipya likichomoza linahitaji wiki kadhaa kukomaa, na baada ya kukatwa sana huchukua kama miezi miwili au zaidi kabla ya kubeba rangi. Kijana wako anakuja kila baada ya wiki nne. Kila mara matawi yanapokaribia kuwa tayari, anayanyoa, mmea unaanza upya, unatoa matawi mengine ya mbio, nayo yana miiba. Umbo la mraba linawezekana kwenye mimea mingine ya uzio. Kwa bogenvilia unalipia umbo hilo kwa maua.

Badala yake, kata mara moja kwa mwaka kwa nguvu, mvua za masika zinapoisha. Ondoa kabisa yale matawi mazito yaliyonyooka kama fimbo kutoka chini, maana ndiyo yanayonyonya zaidi. Yaliyobaki yapunguze theluthi moja. Halafu usiyaache yasimame wima. Yalaze kwenye ukuta, uyafunge kwa kamba za mkonge au vipande vya kitambaa, yaelekee kushoto na kulia. Tawi lililosimama, ncha yake inatuma homoni inayovizuia vichipukizi vya pembeni visiamke. Ukililaza, amri ile inalegea, vichipukizi vya urefu wote wa tawi vinaamka, na kila kimoja ni mahali pa kuchanulia. Baada ya hapo mkasi upumzike mpaka maua ya kwanza yaishe. Ndipo unaweza kupunguza ncha kidogo kabla ya vuli.

Ukiyafanya haya Juni, natarajia rangi kuanzia Agosti hadi Oktoba, kisha tena Januari na Februari. Lakini sitakudanganya: Ngaramtoni haitakuwa Pasua. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, Arusha mjini iko kama mita 1,400, na Ngaramtoni imepanda zaidi kuelekea Meru. Juni na Julai mnakaa na wingu mpaka saa tano asubuhi, watu wamevaa makoti. Mmea utakuwa mzito kuamka, na misimu yake itakuwa mifupi kuliko ya mama. Ukisoma vitabu vya nchi za baridi utakuta wanasema bogenvilia huchanua siku zinapokuwa fupi. Ni kweli kwao. Kwetu, karibu na ikweta, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki nusu saa, kwa hiyo usiingoje kalenda. Ngoja ukavu.

Vipi basi kuhusu kuihamisha ikae penye jua? Sikushauri. Mizizi ya bogenvilia ni laini na inakatika kirahisi, na haipendi kuguswa. Mimi mwenyewe niliwahi kuua mbili kwa mkupuo mmoja, tena si za ardhini, ni za kwenye viriba: nilizivuta shina zikatoka, nikakung'uta udongo nikidhani naisaidia mizizi ipumue. Wiki ya pili zilikuwa kuni. Tangu siku hiyo kiriba nakichana kwa wembe na udongo wote unashuka shimoni kama ulivyo.

Kinachokufaa ni bima. Iache hiyo ijaribiwe mpaka Oktoba, na huku ukiandaa ya pili. Chukua vijiti kutoka kwa mama, si kutoka kwako, kwenye matawi yaliyowahi kuchanua: unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, vilivyoanza kuwa na gome. Vile vya kijani laini vinaoza. Ondoa majani, vichomeke nusu yake kwenye viriba vyenye mchanga mwingi, uviweke kivulini na unyevu wa wastani. Usivifanye Julai kwa baridi ya huko. Septemba au Oktoba joto linasaidia, na huchukua wiki sita hadi nane kutoa mizizi, wakati mwingine zaidi. Panda vitano upate viwili. Kimoja ukiweke kwenye chungu chenye matundu chini, juani kabisa mbele ya nyumba. Kwenye chungu maji na mbolea unavitawala wewe, wala bafu halina la kusema.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyaona kutoka hapa nilipo. Mmea ukilegea wakati udongo una maji, au shina likilainika na kunuka karibu na ardhi, mizizi inaoza, na maelezo yangu ya ukavu hayatoshi. Ukiona utando mweupe kama pamba kwenye makwapa ya majani pamoja na utomvu wa kunata na sisimizi wanaopanda na kushuka, au ile manjano yenye mishipa ya kijani ikisambaa, usinunue dawa dukani kwa kukisia. Kata kitawi, kitie kwenye mfuko, mpelekee afisa ugani wa kata. Nawe una bahati ya jirani: Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iko hapohapo Ngaramtoni, na kituo cha utafiti cha TARI Tengeru kinashughulika na mazao ya bustani. Kitawi kibichi kilichokatwa asubuhi kitawaambia mengi kuliko picha ya simu.

Na mwiba ukikuingia ukakatikia ndani, hasa kwenye kiungo cha kidole au goti la mtoto, usiuchokonoe kwa pini. Pakivimba au pakiuma zaidi siku ya pili, nenda hospitali, na uulize kama chanjo ya pepopunda bado iko hai.

Kijana wa bustani usimfukuze. Mwisho wa mwezi huu akija na mkasi wake, mwelekeze kwenye mgrevilea, jirani akikubali.